Waya Mwekundu Nyuma ya Redio

Redio ya pikapu ilikuwa inawaka taa lakini haitoi sauti. Ukiibonyeza, namba za kijani zinakwenda mbio kutafuta stesheni, zinaipata, zinasimama, halafu kimya, kama mke aliyenuna: chakula anakupakulia, neno hupati. Ilikuwa hivyo mwezi wa nne sasa. Jumapili ile asubuhi Fundi Masikio alikuwa amejikunja chini ya dashibodi, miguu inaning'inia nje, viatu ameviacha chini ya mlango wa gari kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu.

Fundi huyu aliitwa Masikio kwa sababu mbili, na zote mbili alitembea nazo, moja kulia na moja kushoto.

"Shemeji, mulika hapa. Hapa, siyo usoni pangu. Sura yangu naijua."

Mama Mapacha akaisogeza tochi ya simu. Mumewe, Baba Mapacha, alikuwa analizunguka gari, na kila injini iliyopita barabarani ilimgeuza shingo. Pikapu haikuwa yake. Milangoni imeandikwa kwa rangi nyekundu MAMA MIKATE, na mwenye jina hilo ndiye mwenye bekari, tajiri wake. Yeye alikuwa dereva tu, anaruhusiwa kulaza gari kwake tangu Jumamosi usiku kwa kuwa Jumatatu anaanza kazi saa tisa usiku. Masharti yalikuwa matatu: usibebe mtu, usilipeleke popote, usiongeze wala usipunguze kitu.

"Hapa tunaongeza," alisema Baba Mapacha.

"Tunatengeneza," alijibu mkewe.

"Redio mpya, spika mpya, ndiyo kutengeneza?"

"Kiatu ukikitia soli mpya kinageuka cha mtu mwingine?"

Mama yake Baba Mapacha, Bibi kwa wote nyumbani, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni anachambua mchele, alicheka peke yake. "Mwache huyo, mkwe wangu. Woga ni wa baba yake. Marehemu alinitongoza kwa barua, na barua yenyewe akambebesha mdogo wake. Nilikaribia kuolewa na mdogo mtu."

Fedha za redio zilikuwa za Mama Mapacha. Alikuwa mshonaji, na kwa mwaka mzima alizidunduliza anunue mota ya cherehani apumzishe miguu. Bibi aliamini mkwewe amefanya hivyo kwa mapenzi. Fundi aliamini amelazimishwa. Sababu yenyewe waliijua wawili tu. Mwezi uliopita Baba Mapacha alirudi na kioo cha pembeni kimevunjika. Bekarini alisema amekigonga kwenye lango. Chumbani alimwambia mkewe kwamba alisinzia akiendesha, akazinduka yuko majanini, mikate yote imelala ubavu. Akamwapisha asimwambie mtu, hata mama yake, hasa mama yake.

Tangu hapo Mama Mapacha hakuwa na usingizi wa maana. Mumewe akichelewa nusu saa, anakanyaga cherehani bila kuangalia anachoshona; juzi aliunga mkono wa gauni kwenye shingo. Alijiambia kwamba kukiwa na sauti ndani ya lile gari, muziki, mpira, hata mtu anayetangaza bei ya mbolea, macho ya mumewe hayatafumba. Hilo ndilo alilonunua kwenye boksi. Si redio.

Fundi Masikio alianza kwa kutafuta ugonjwa. Fyuzi nzima. Akachomoa redio, akachukua betri ndogo ya tochi, akagusisha nyaya za spika moja moja. Spika nzima ikiguswa hivyo husema "tap". Ya kushoto mbele ikasema. Mbili za nyuma zikasema. Ya kulia mbele ikanyamaza, na alipofungua mlango alikuta karatasi yake imeliwa na unyevu.

"Lakini tatu zinasema," alisema Baba Mapacha, "sasa kwa nini zisisikike?"

"Kwa sababu redio yenyewe imeungua ndani, pale panapokuza sauti. Ina macho, haina koo." Akaigeuza redio mpya, akaangalia nyuma yake, kisha akaangalia soketi ya kiwandani iliyokuwa inaning'inia kwenye tundu la dashibodi. Hazikufanana hata kwa kusingiziana. "Hapa kuna soketi ya katikati inayounganisha mbili hizi bila kukata kitu. Dukani imekwisha, labda wiki ijayo."

"Wiki ijayo kuna Jumatatu sita ndani yake," alisema Mama Mapacha.

"Shemeji, wiki yako ina Jumatatu nyingi."

"Kwa mume wangu kila siku ni Jumatatu. Kata, unga."

Akakata. Nyaya za spika, ya umeme wa kudumu, ya umeme wa ufunguo, moja moja, akizifunga vitambulisho vya tepu. Ndipo alipoona kijisanduku cheusi, hakizidi kiberiti, kimefungwa kwa tepu nyuma kabisa, kinakula umeme kwenye waya wa redio. Kilikuwa na taa ya kijani ndogo kama jicho la mjusi.

"Hii nini, dereva?"

"Sijui. Sijawahi kuiona."

"Alamu ya zamani hii. Magari yaliyotumika huja na takataka kama hizi. Ndiyo inayokusumbua umeme." Na kabla mtu hajasema ngoja, koleo likauma waya wake mwekundu.

Taa ya kijani ikazimika. Wakati Fundi anameza mate, ikawaka tena, nyekundu, ikaanza kupepesa.

"Mbona haina waya na inawaka?" aliuliza Bibi kutoka kwenye kiti chake. Mchele hakuuona vizuri siku nyingi, lakini hilo aliliona.

Simu ya Baba Mapacha ilikuwa inalia mfukoni. Akaitoa, akaiangalia, na mkewe hakuhitaji kusoma jina. Aliliona likimshuka mumewe usoni.

"Bosi," alisema.

"Pokea."

Hakupokea. Ikalia mpaka ikachoka, ikaanza upya, ikachoka. Kisha ujumbe. Aliusoma kwa sauti ndogo, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu: "Traka imekatwa. Nakuja. Usiguse kitu."

Traka. Fundi Masikio akakaa chini, palepale kwenye vumbi. Alishasikia habari zake: kile kijidude cha kumwambia mwenye gari liko wapi, lini limesimama, lini limeondoka, na chenye betri yake tumboni ili mwizi akikikata kipate kupiga kelele kwanza.

"Na nani hukikata?" aliuliza Mama Mapacha.

"Wezi, shemeji," alisema Fundi. "Wezi tu ndio hukikata."

*

Walifanya kile ambacho watu wenye hofu hufanya: walifanya kila kitu kwa pamoja. Fundi akaunga tena waya mwekundu, kwa haraka mpaka tepu ikamshika vidole. Taa haikurudi kijani. Baba Mapacha akaingia, akazungusha ufunguo walau alirudishe gari ubavuni mwa nyumba lilipokuwa. Hakukusikika hata mkoromo. Tajiri alikuwa ameshalizima akiwa huko huko aliko, kwa simu.

"Amelikata injini," alinong'ona Fundi, na akaanza kukusanya bisibisi. "Sasa mimi, kuna mgonjwa nilimwahidi—"

Mama Mapacha akaukalia mkoba wake wa vifaa. Alikuwa mwanamke wa mwili wa kutosha, na mkoba ulitoa mlio.

"Mgonjwa wako yuko hapa, Fundi. Hajapona."

"Tuseme panya," alisema Bibi. "Panya hula nyaya. Jirani panya walimla mpaka jokofu."

"Mama, panya hafungui skrubu nne akazipanga kwenye kisosi," alisema mwanawe.

"Basi tufiche kisosi."

Baba Mapacha alimvuta mkewe nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Alikuwa mtu mrefu, lakini pale alionekana kama amepunguzwa pindo.

"Usiseme kwa nini tumefungua."

"Nisiseme vipi? Atauliza."

"Sema nilitaka muziki. Sema mimi mpenda starehe."

"Atasema umekata traka uibe gari."

"Aseme. Mwizi wanamchunguza, Mama Mapacha. Dereva anayelala hachunguzwi, anafukuzwa, na anapokwenda kuomba kazi kwingine wameshapigiwa simu. Nina kazi gani nyingine mimi? Niambie. Najua kitu gani zaidi ya usukani?"

Mama Mapacha alianua shati moja kambani, bado bichi. Alikuwa anaogopa vitu viwili, na alipokimbia kimoja alikuta cha pili kinamsubiri. Asiposema, mumewe ataitwa mwizi, huenda akalala rumande. Akisema, amemvua kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Na akifanikiwa kunyamaza, uongo ukapita, tajiri akasamehe, basi kesho saa tisa usiku mume wake atapanda tena lile gari. Hicho cha mwisho, cha kufanikiwa, ndicho kilichomtia baridi kuliko vyote.

*

Mama Mikate hakuwa mtu wa kupayuka. Wafanyakazi wake walisema angekuwa anapayuka wangelala vizuri zaidi. Alishuka kwenye gari dogo, amevaa kanga juu ya gauni la nyumbani na ndala, mkono mmoja una unga mpaka kwenye kiwiko, na nyuma yake alishuka mlinzi wa bekari, kijana wa shingo nene. Akaangalia tundu la dashibodi. Akaangalia nyaya zenye vitambulisho vya tepu. Akaangalia skrubu nne kwenye kisosi.

"Hamjambo," alisema.

Wakajibu kwa pamoja, kama darasa.

"Dereva. Nani kakuambia kuna traka?"

"Hakuna, bosi. Sikujua. Tulikuwa tunatengeneza redio."

"Redio." Akatoa simu yake, akaishika mbali na macho. "Mwezi mzima nakuangalia humu. Karibu kila siku, kati ya saa nne na saa tano, gari langu linasimama pale kwenye kalavati, baada ya kiwanda cha matofali. Dakika arobaini. Siku nyingine hamsini. Pale hakuna duka, hakuna mteja wangu. Nilikuwa nasubiri kesho nikufuate mwenyewe nione unamuuzia nani mikate yangu. Leo, siku moja kabla, traka inakatwa."

Baba Mapacha akaziangalia ndala za tajiri wake.

Mama Mapacha alimgeukia mumewe. Kalavati hakuambiwa. Aliambiwa habari ya siku moja, ya majanini, na kioo.

"Mlinzi, angalia ndani," alisema Mama Mikate.

Wakapekuliwa. Mlinzi aliinua godoro, akafungua kabati la nguo, akachungulia chini ya meza ya cherehani kati ya vitambaa vya wateja. Alikuwa na adabu, alikuwa anasema "samahani, mama" kila anapogusa kitu, na hiyo samahani ndiyo iliyouma. Majirani wawili walikuwa tayari wamekumbuka kufagia mbele ya nyumba zao. Mlinzi akatoka na kreti mbili za plastiki za bekari. Moja ilikuwa chini ya televisheni. Nyingine ilikuwa ya mapacha, wanaikalia wakifanya kazi za shule; leo walikuwa ng'ambo ya barabara kwa shangazi yao.

"Zilivunjika, bosi," alisema Baba Mapacha. "Ulisema nizitupe."

"Nilisema utupe. Sikusema uzipambie sebule."

"Kreti yenyewe ina tundu la kupita kuku," alisema Bibi. "Ungeiba, mwanangu, ungeiba nzima."

"Mama!"

"Namtetea."

Fundi Masikio alikuwa amesimama nyuma ya gari, amejitahidi kuwa mwembamba. Mama Mikate hakumwangalia hata mara moja. Alikuwa anatafuta namba kwenye simu, taratibu, kwa kidole cha unga.

"Sina hasira na wewe, dereva. Nitawapigia polisi, wao wataniambia kama nikasirike."

Ndipo Mama Mapacha alipoinuka kwenye mkoba wa vifaa aliorudi kuukalia. Hakuwa ameamua. Miguu iliamua.

"Mama, usipige. Analala."

"Nani analala?"

"Mume wangu. Anasinzia akiendesha. Redio nimenunua mimi, kwa fedha zangu, ili imweke macho. Kile kioo hakikugonga lango. Aliingia majanini. Na pale kwenye kalavati hauzi kitu, nadhani... nadhani anasimama alale." Sauti ilikuwa inamkimbia naye anaifukuzia. "Anaondoka hapa saa tisa usiku. Anarudi saa mbili usiku. Hesabu mwenyewe, mama. Siku sita. Hesabu."

Mama Mikate aliuteremsha mkono wenye simu. Vidole vya mkono mwingine vilianza kugusana na dole gumba, kimoja, kingine, vikarudia. Midomo yake ilikuwa inatembea kidogo.

"Ni kweli, dereva?"

Baba Mapacha hakumwangalia tajiri. Alikuwa anamwangalia mkewe, vile mtu anavyomwangalia aliyempa siri aishike naye akaiweka barazani.

"Uongo," alisema. "Anaogopa polisi, anatunga. Mimi sijawahi kulala kwenye usukani."

"Baba Mapacha!"

"Sijawahi."

"Basi unauza mikate yangu," alisema Mama Mikate, wala hakuongeza sauti. "Ni moja kati ya mawili. Chagua wewe, mimi nitakuandikia."

Jirani mmoja alikuwa amefagia mahali pamoja mpaka pakatoka shimo. Bibi aliweka chini ungo wa mchele, akasimama kwa kushika ukuta, akaenda mpaka kwa mwanawe na kumshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa.

"Wewe ulikuwa unalala na kijiko mdomoni. Nilikuwa nakitoa taratibu nisikuamshe. Leo unamwambia nani hulali? Sema, baba. Polisi hawatakubembeleza kama mimi."

Na Baba Mapacha, mtu mzima mwenye watoto, akiwa ameshikwa kidevu mbele ya tajiri wake na mlinzi na fundi na mafagio mawili ya majirani, akasema.

"Mara mbili."

"Uliniambia moja," alisema mkewe.

"Mara mbili. Ya kwanza ile ya majani. Ya pili ni Jumatano iliyopita. Kalavati ni kweli, nasimama nilale, kwa sababu baada ya pale kuna shule. Najua pale pana shule, ndiyo maana nasimama kabla. Jumatano nilikuwa nimechelewa na duka la mwisho lilinipigia simu linagomba. Sikusimama. Nikasema nitafika."

Hakumaliza.

Mama Mikate alitazama mlango wa pikapu, pale penye jina lake kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, za kusomeka kutoka mbali. Kisha akaufuta unga mkononi kwa kanga, kwa nguvu, kama unamwasha.

"Uligusa mtu?"

"Hapana, bosi."

"Niapie."

"Naapa. Hakuna niliyemgusa."

Akanyoosha kiganja. Baba Mapacha akaweka ufunguo. Yule mama akapiga simu, akasema "fungua injini" na namba ya gari, akapanda mwenyewe kwenye usukani, na pikapu ikawaka mara moja, nyaya zinaning'inia kwenye tundu la dashibodi kama utumbo.

"Kesho usije," alisema kupitia dirishani. "Keshokutwa njoo saa mbili asubuhi, utapakia. Mshahara ni wa wapakiaji. Usukani kwangu hutaushika tena." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua hata kwa yeye aliyezoea kuwa nayo ndogo. "Na atakayeushika, nitampangia mwenzake wa kupokezana. Mlinzi, kreti waachie watoto."

*

Fundi Masikio aliirudisha redio mpya kwenye boksi lake, akaiweka juu ya cherehani, akakataa ujira bila kuulizwa, akaenda. Siku hiyo hata masikio yalionekana madogo. Bibi alirudi kwenye mchele. Majirani wakaona pamefagiwa vya kutosha.

Baba Mapacha alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mkewe alisimama mbali kidogo, hajui kama anaruhusiwa kukaa.

"Umeniua," alisema bila kugeuka.

"Nimekuua kazini, si barabarani."

Mumewe alikuwa anaitazama alama ya magurudumu kwenye vumbi. Mama Mapacha akaja akakaa ngazi ya chini yake.

"Watoto wangapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Hukuwaona?"

"Nilifumbua macho nikaona soksi." Akaonyesha kwa mkono urefu kutoka chini, kiganja kikabaki hewani. "Nyeupe. Miguu mingi, yenye soksi nyeupe, inarudi nyuma. Sikuona nyuso. Kuna mmoja alicheka, nadhani alidhani nafanya mzaha. Nikawapungia mkono, Mama Mapacha. Niliwapungia mkono, nikaenda kushusha mikate."

Ng'ambo ya barabara lango la shangazi yao likafunguka, mapacha wakatoka wameshikana mikono, wamechoka kucheza, wanarudi kula. Kulikuwa na lori linakuja, mbali bado, dogo, la kawaida. Baba na mama waliinuka kwa pamoja, wote wawili wakapiga kelele moja, "Simameni hapo!", kelele ya kutisha mpaka Bibi akamwaga mchele.

Watoto wakasimama. Wakatazamana. Kisha mmoja akaanza kucheka.